Viti Visivyokalika

Jumatatu ilikuwa siku ya kuosha viti. Vilirudi kutoka harusini vikiwa na mafuta, nyayo za watoto na, kila mara, chingamu iliyobandikwa chini na mtu mzima mwenye suti. Kamba alikuwa amechuchumaa uani mbele ya ndoo ya maji ya sabuni, mkono mmoja ukisugua, mwingine umebonyeza kinena. Hapo kinenani palikuwa na uvimbe wa ngiri, mkubwa kama yai, ulioanza siku aliponyanyua nguzo ya hema peke yake. Aliitwa Kamba kwa sababu hakuna hema alilolifunga yeye lililowahi kung'olewa na upepo.

Dada yake alikuwa akikagua miguu ya viti vilivyokwisha kuoshwa. Mtaa mzima ulimwita Mwenyekiti, kwa kuwa viti vya kukodisha vilikuwa vyake, urithi kutoka kwa mama yao, na utani huo alikuwa ameuchoka zamani. Kiti chenye ufa alikiweka kando bila huruma. Kiti kikimwangusha mtu msibani, wafiwa humsahau marehemu wakamkumbuka mwenye kiti.

Ng'ambo ya barabara ulisimama ukumbi wa sherehe wa ghorofa nne ambao hauonekani. Ulikuwa ukionekana mpaka mwaka uliopita, mwenye ukumbi alipomwajiri Mtaalamu wa kodi. Siku Mtaalamu alipomaliza kazi yake ghorofa ziliondoka machoni pa watu moja moja, kuanzia ya juu, na ilipofika jioni kukabaki kiwanja cha nyasi chenye bomba la maji. Ukumbi wenyewe haukwenda popote. Wageni waliupapasa mlango, wakapanda ngazi, wakacheza muziki huko juu huku wapita njia wakitazama soli za viatu vyao. Wanawake walijifunza kuvaa suruali chini ya magauni. Kunguru walijigonga kwa majuma kadhaa, kisha wakazoea. Mwenye ukumbi alilipa kodi ya bomba la maji.

Hakuna aliyelishangaa jambo hilo. Watu walisema tu kwamba Mtaalamu anaijua kazi yake na kwamba bei yake si ya mchezo.

Sasa msimu wa kupeleka taarifa za kodi ulikuwa umefika tena, na ndani ya nyumba ya Mwenyekiti kulikuwa na ubishi. Walikaa watu watatu mezani: yeye, Kamba, na shangazi yao, aliyekuwa amelipakata kopo la biskuti. Humo ndani mlikuwa na pesa za kumpasua Kamba ngiri yake. Walikuwa wamezikusanya kidogokidogo, harusi kwa harusi, msiba kwa msiba, na ndiyo kwanza zilikuwa zimetimia.

"Mpeni Mtaalamu kazi yake," alisema shangazi. "Wewe mwanangu ukiumwa jino unajing'oa mwenyewe?"

"Mimi nimejing'oa mawili," alisema Kamba.

"Na ndiyo maana unatafuna upande mmoja. Nyamaza."

Ili mradi shangazi aache kusema, Mwenyekiti alikwenda kumwona Mtaalamu. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la dawa, ina zulia na ubaridi wa kiyoyozi. Alimkaribisha kwenye kiti cha ngozi, na Mwenyekiti, kwa mazoea ya kazi, alikitikisa kwanza kabla hajakikalia. Mtaalamu alikuwa mtu wa sauti ya chini na vidole safi. Alitaja bei. Ilikuwa karibu sawa na zile pesa za kwenye kopo, kana kwamba alikuwa amelifungua na kuchungulia.

"Na nikijaza mwenyewe?" aliuliza Mwenyekiti.

"Unaruhusiwa kabisa, mama. Ni bure. Wengi hujaza wenyewe." Alisema hivyo kwa upole wa daktari anayemwambia mgonjwa kwamba ana haki ya kukataa dawa.

Njiani kurudi nyumbani Mwenyekiti alipiga hesabu kichwani. Alikuwa na viti mia tatu vya plastiki, mahema manne, mkokoteni mmoja na mdogo wake mmoja. Hakuwa na cha kuficha. Kodi ya mali kama hiyo ingekuwa ndogo, na mtu aliyesoma hadi sekondari angeweza kuiandika bila kumlipa mtu wa zulia. Pesa za kopo zilikuwa za Kamba. Alifika nyumbani akasema atajaza mwenyewe, na shangazi akalirudisha kopo chini ya kitanda akiguna.

Alijaza siku iliyofuata kwenye duka la steshenari, kwa kompyuta ya kulipia. Aliandika taratibu, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo. Mahali pa wafanyakazi aliandika: mmoja, mdogo wangu. Mahali pa idadi ya viti hakuhitaji hata kufikiri.

Katika kazi ile, viti huhesabiwa vikitoka. Mama yake alihesabu hivyo, na mama yake alifundishwa hivyo na mtu mwingine tena. Kila kiti kinachovuka geti huwekewa mstari wa chaki, na kikivuka tena Jumamosi nyingine huwekewa mstari mwingine. Kiti kilicholala ndani hakimwingizii mtu hata senti, kwa hiyo hakuna anayepoteza muda kukihesabu. Ukimwuliza mtu wa kazi hiyo ana viti vingapi atakutajia vilivyotoka, na mwenzake ataelewa bila maelezo. Mwenyekiti alijumlisha mistari ya mwaka mzima akaandika, kwa uaminifu wote, viti elfu sita. Kompyuta ilimshukuru kwa kujenga taifa.

Asubuhi vilikuwa vimefika. Vilijaa uani, vikapanda juu ya paa la stoo, vikatoka getini na kushika kichochoro chote hadi kwa fundi baiskeli. Vilikuwa vyeupe na vipya, vimepangwa kwa safu kama vinavyopangwa vya wageni wa heshima. Paka wa shangazi alirukia kimoja akapita katikati yake, akatua sakafuni na kuondoka bila kutazama nyuma. Kamba naye alijaribu kukalia cha pembeni yake, akaangukia makalio.

"Havikaliki," alisema, bado yuko chini. "Dada, uliandika vingapi?"

Alimwambia. Kamba akaanza kucheka, na kwa sababu ya ngiri kucheka kulimuumiza, akaacha.

Majirani hawakuja kushangaa, walikuja kulalamika. Fundi baiskeli alisema wateja wake wanaogopa kupita katikati ya viti. Mama mmoja alimtuma binti yake aulize kama vinakodishwa kwa bei ya punguzo. Maofisa wawili wa kodi walikuja na futi ya kupimia, wakahesabu safu kwa safu, wakaridhika. Hesabu iliwiana na taarifa hadi kiti cha mwisho, jambo ambalo, walisema, hulikuta mara chache kwa wafanyabiashara wadogo.

"Havikaliki," Mwenyekiti aliwaambia. "Jaribuni wenyewe."

Mrefu kati yao alijaribu. Alianguka, akainuka, akajipangusa suruali na kuandika kitu.

"Kodi ni ya kuwa na kiti, mama," alisema. "Kukaa ni juu yako."

Wakati wa kuondoka walivuka barabara. Kokoto ilikuwa imeingia kwenye kiatu cha yule mrefu, naye akaweka kiganja kwenye ukuta wa ukumbi usioonekana, akasimama kwa mguu mmoja, akakivua kiatu na kukikung'uta. Mwenyekiti alikuwa amewafuata.

"Na hiyo unayoiegemea je?"

"Naegemea nini?"

"Ukumbi. Ghorofa nne."

Ofisa alitazama juu. Kule juu mfanyakazi alikuwa akideki ngazi, na maji machafu yalimdondokea ofisa begani. Alijifuta kwa leso.

"Hapa pana bomba la maji," alisema, "na limelipiwa."

Mwenyekiti alirudi nyumbani. Alikuwa na hasira ya mtu aliyesema ukweli na kutozwa kwa ukweli huo mara ishirini, huku ng'ambo ya pili uwongo wa ghorofa nne ukidekiwa mchana kweupe. Alikipiga teke kiti kilichokuwa karibu. Mguu ulipita katikati ya kiti ukagonga ukuta, na kidole kikavimba jioni ile.

Alikwenda kwenye ofisi ya kodi akapanga foleni mbele ya dirisha la malalamiko. Karani wa dirishani alikuwa msichana mwenye adabu, anayekunywa chai kwenye kikombe kilichoandikwa jina la ofisi.

"Nilikosea kuhesabu," alisema Mwenyekiti. "Viti ni mia tatu. Nataka kusahihisha."

"Kwa hiyo unakiri kwamba huwa unakosea," alisema karani. "Basi huwezi kusahihisha, mama, utakosea tena. Marekebisho yanaletwa na mtaalamu anayetambulika."

"Na siku nilipojaza nilikuwa natambulika?"

"Kujaza kila mtu anatambulika," karani alisema, na akamwita aliyefuata.

Siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa inakaribia. Kodi ya viti elfu sita ingeumeza ua, nyumba, mahema na mkokoteni, na bado ingebaki na njaa. Mwenyekiti alikaa jikoni. Alikuwa amejaza mwenyewe ili kulinda kopo, na sasa kopo lenyewe ndilo lililokuwa limebaki. Kamba ndiye aliyelitoa chini ya kitanda na kuliweka mezani mbele yake.

"Chukua umpelekee," alisema.

"Hizi ni zako."

"Ngiri haina tarehe ya mwisho, dada. Kodi inayo."

Mtaalamu alimpokea bila kumcheka, na hilo pia lilimuudhi. Alieleza kwamba bei ya marekebisho ni kubwa kuliko bei ya kujaza, kwa sababu kwanza mtu hulazimika kufuta alama za mikono ya mwenye mali. Alizihesabu pesa za kwenye kopo, akakubali zilizopungua zije baadaye. Kisha akafanya kazi kwa muda mfupi kuliko kinyozi.

"Viti visivyokalika nimeviondoa," alisema. "Vile mia tatu nimekuachia, ofisi hupenda kuona kitu kidogo. Nimekusafishia na sehemu ya wafanyakazi, maana mtu ukimwandika unamlipia. Ila nakuonya jambo moja. Usiiguse tena taarifa hii kwa mkono wako. Ukiigusa, kazi yangu yote inafutika na unarudi ulikoanzia."

Mwenyekiti aliondoka bila kuuliza kusafisha sehemu ya wafanyakazi maana yake nini, kwa sababu alichokuwa akikifikiria ni viti peke yake. Kichochoro alikikuta kitupu. Fundi baiskeli alimpungia mkono. Aliposukuma geti aliona ndoo ya maji ya sabuni, kiti kimelala ubavu, na brashi ikikisugua peke yake.

"Kamba?"

"Naam dada."

"Uko wapi?"

"Si hapa. Kwani vipi?"

Alimweleza. Brashi ilisimama. Kamba alisema yeye anajiona vizuri tu, mikono hii hapa, miguu hii hapa. Shangazi alitoka nje, akaipapasa hewa mpaka akapata kichwa, akakishika kwa viganja viwili kwa muda mrefu. Halafu alisema chakula kiko tayari.

Maisha yaliendelea, maana yalikuwa hayana pengine pa kwenda. Wateja walivipenda viti vinavyojipanga vyenyewe na mahema yanayojifunga, na wengine waliuliza kama huduma hiyo inalipiwa zaidi. Madereva hawakumwona Kamba barabarani, kwa hiyo Mwenyekiti alimfunga kitambaa chekundu mkononi, lakini kitambaa nacho kilitoweka mara tu alipokivaa, kama nguo zake. Mwenye duka aliuza bidhaa kwa waliosimama nyuma yake kabla ya kumuuzia yeye. Msichana aliyekuwa akimtazama wakati wa kuosha viti aliacha kupita njia ile. Kamba aliyasimulia hayo kwa utani, na dada yake alijua kabisa ni utani wa kufichia maumivu: ngiri ilikuwa inakua, na yeye dada alikuwa haioni.

Walikwenda hospitali ya serikali, Mwenyekiti akiwa ameushika mkono wa mdogo wake. Muuguzi alimtazama yeye, akatazama kando yake, akashusha kalamu.

"Faili hufunguliwa kwa mgonjwa anayeonekana," alisema. "Si mimi niliyepanga. Mnakuja wengi. Jana alikuja baba na vibarua wake watatu wa ujenzi, nusura niwakanyage."

Daktari alikuwa na moyo. Alimlaza Kamba kitandani, akaupapasa uvimbe akiwa amefumba macho, akasema ngiri ipo na ni kubwa. Lakini kisu, alisema, hakipiti mahali ambapo jicho halijafika. Alimwambia Mwenyekiti amrudishe machoni kwanza.

"Na uvimbe ukiwa mgumu kama jiwe ukakataa kurudi ndani," aliongeza, "mlete siku hiyohiyo. Usingoje kesho, hakutakuwa na kesho."

Mwenyekiti alirudi kwa Mtaalamu. Mtaalamu alisema kumrudisha mtu inawezekana, hakuna lisilowezekana, akataja bei ambayo makopo matatu hayangeitosha. Alimsindikiza mpaka mlangoni na kumshauri ashike ngazi vizuri, kwani zilikuwa zimedekiwa.

Ndipo ikaja Siku ya Walipakodi. Ofisi ya kodi huiadhimisha kila mwaka kwa hotuba na chakula, na safari hii yule ofisa mrefu mwenyewe ndiye aliyekuja uani kukodi viti. Alitaka vyote mia tatu. Mwenyekiti alimwuliza vipelekwe wapi.

"Hapo ng'ambo," alisema ofisa. "Ghorofa ya nne."

"Kwenye bomba la maji?"

"Kwenye ukumbi, mama. Ndio mkubwa kuliko zote mjini, na una kiyoyozi."

Alisema hivyo bila haya. Mwenyekiti alimtazama usoni akitafuta angalau tabasamu la mtu anayejua anachokifanya, akakuta uso wa mtu anayewahi mkutano. Alitaka kumfukuza. Alitaka kuichukua ile futi yake na kumpima nayo urefu wa ulimi. Lakini deni la Mtaalamu lilikuwa halijaisha, ofisi ingelipa palepale baada ya kukata kodi yake, na tajiri wa kukataa mteja hakuwa yeye. Aliandika jina la ofisi kwa chaki na kuanza kuhesabu viti vinavyotoka.

Barabara mbele ya ukumbi ilikuwa imewekwa lami wiki ile. Lami ilianzia mlangoni pa ukumbi ikaishia sentimita chache kabla ya geti la Mwenyekiti. Kamba alivuka na viti, rundo moja baada ya jingine, akapanda ngazi zisizoonekana, naye mwenyewe haonekani. Kutoka chini, shangazi aliona marundo ya viti yakipanda angani kwa zamu. Mwenyekiti alimwambia Kamba apumzike. Alijibu kwamba bado safari chache.

Wageni walikuja, wakapapasa mlango kwa mazoea, wakapanda. Mwenye ukumbi alikuwa mstari wa mbele, suti ya kijivu, miguu ameipishanisha. Mgeni rasmi alihutubia kuhusu barabara na hospitali, na kuhusu wananchi wachache wanaoficha mali zao na kuwabebesha mzigo wengine. Watu walipiga makofi, mwenye ukumbi kwa nguvu kuliko wote. Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na ngazi, akisubiri Kamba alete viti vya mwisho vya wapambe. Aliona rundo likikaribia juu. Likasita, likaegemea upande, likamwagika kwenye ngazi kwa kishindo.

Aliteremka akipapasa. Wageni waliochelewa walipita wakiruka viti, na mmoja alimkanyaga Kamba bila kujua amekanyaga nini. Mwenyekiti alimpata kwenye kona ya ghorofa ya tatu, amejikunja, amelowa jasho. Aliushika uvimbe. Ulikuwa mgumu kama jiwe.

"Usipige kelele," alisema Kamba kwa sauti ndogo. "Wanahutubia."

Hapo hasira ya Mwenyekiti ilitulia kama maji yanavyotulia kabla ya kuchemka. Alimbeba mgongoni hadi chini, akamlaza kwenye mkokoteni, akamwambia shangazi asukume kwenda hospitali na asimwachie mkono. Yeye mwenyewe alikimbilia kwenye duka la steshenari. Alijua kitakachotokea. Taarifa yake ya kwanza, ile aliyoiandika kwa mkono wake, ndiyo iliyokuwa na mdogo wake ndani yake, na ndiyo iliyokuwa na viti elfu sita. Kupata mmoja bila vile kulikuwa na bei, na bei hiyo ilikuwa kwenye zulia la Mtaalamu.

"Unajaza mwenyewe au unasubiri mtu?" aliuliza mwenye duka.

"Mwenyewe," alisema Mwenyekiti.

Aliifungua taarifa na kuigusa. Mahali pa wafanyakazi pakarudi: mmoja, mdogo wangu. Kompyuta ilimshukuru kwa kujenga taifa. Alipotoka, safu ya kwanza ya viti ilikuwa imekwisha fika mlangoni pa steshenari, vyeupe na vipya, na alikimbia katikati yake hadi hospitali bila kujikwaa, kwa sababu havikuwa na kitu cha kumkwaza.

Shangazi alisema baadaye kwamba alianza kuiona kofia ya Kamba, njiani, karibu na soko, halafu bega, halafu uso uliokunjamana kwa maumivu. Alisema hajawahi kufurahi hivyo kumwona mtu akiumwa. Mapokezi walimwona, wakafungua faili. Walipouliza malipo Mwenyekiti alisema hana, na muuguzi yule yule akamtazama Kamba kutoka kichwani hadi miguuni, akaandika anwani ya nyumba.

"Anayeonekana anaweza kudaiwa," alisema. "Mpelekeni ndani."

Daktari alimpasua jioni ile ile, na Kamba akapona.

Aliporudi nyumbani alikuwa na mshono na amri ya kutonyanyua chochote. Viti vilikuwa vimejaa uani, juu ya paa na kichochoroni, na fundi baiskeli alikuwa amehamia mtaa mwingine. Maofisa walikuwa wamekuja kuhesabu, wakaridhika. Kwa huruma yao walimkubalia Mwenyekiti alipe kodi kwa awamu, na awamu hizo zilipangwa hadi umri ambao mama yake hakuufikia. Ua uliwekwa rehani. Mtaalamu alipita kudai kilichobaki, kwani kazi yake alikuwa ameifanya, kuharibika kulitokana na mteja. Alimkumbusha pia kwamba msimu mwingine hauko mbali.

Jumamosi mwenye ukumbi alikuwa na harusi kubwa akakodi viti vyote mia tatu. Vibarua walivibeba. Kilibaki kimoja tu cha kukalika, kile chenye ufa mguuni kisichokuwa kwenye hesabu, na Mwenyekiti alikifunga mguu kwa waya na kumkalisha Kamba, ambaye hakutakiwa kusimama. Shangazi alikuwa amelala. Juu ya kiwanja chenye bomba la maji soli za viatu zilianza kucheza muziki.

"Kaa basi na wewe, dada," alisema Kamba. "Umesimama tangu asubuhi."

Mwenyekiti alitazama viti vyake, safu kwa safu, hadi pale macho yalipofika. Akajifunga kanga vizuri, akakaa chini sakafuni.